Zamu ya Ijumaa

Kraaa. Kimya. Kraaa tena, polepole zaidi.

Nilikuwa bado nimelala, giza la asubuhi ya Desemba limejaa chumbani, lakini sauti ile niliitambua kabla sijafumbua jicho. Mume wangu Ilmari alikuwa koridoni anavuta selotepu kufunga maboksi ya kuhamia, yale ya ndizi tuliyookota dukani, na alikuwa anaivuta kidogo kidogo asije akamwamsha mtoto. Mgeni angedhani ni panya. Mimi niliisikia Kouvola, nikaisikia Hyvinkää, nikaisikia Jämsä, na sasa ilikuwa imenifuata hadi Lahti, asubuhi ya siku ya mwisho ya mwaka.

Nikatoka na soksi za sufu. Nilimkuta amechuchumaa, simu yenye tochi ameiuma mdomoni.

"Unafunga lipi hilo?"

Akaitoa simu mdomoni. "Hili? Hili halijafunguliwa tangu Jämsä. Selotepu yake imezeeka tu, imeachia. Narudishia."

"Ndani kuna nini?"

"Wewe ndiye wa kuniambia, mama Helka."

Tukachungulia. Yalikuwa mapazia aliyotushonea mama yake tulipooana, mapazia ya kitani yenye mistari ya buluu. Sikuwahi kuyatundika popote. Kila tulipohamia nilisema yatatundikwa tukipata nyumba yenyewe. Ilmari akayafunika taratibu, kama anamfunika mtoto, halafu akavuta selotepu. Kraaa.

Nyumba yenyewe, safari hii, ilikuwa imepatikana. Ilikuwa nyumba ya mbao ya rangi ya manjano, mbali kaskazini kule Sotkamo, yenye bustani na kisima na dari la kuchezea mtoto. Mwenye nyumba aliitwa Vilppu, mzee wa maneno machache. Tulikuwa tumekubaliana kwamba atapiga simu jioni hiyo saa mbili kamili apate neno la mwisho. Nikisema ndiyo, nyumba ni yetu. Nikisema hapana, basi tena.

"Utaongea wewe," Ilmari alikuwa ameniambia. "Mimi nitabeba maboksi." Alilisema bila kinyongo, kama mtu anayesema atatoka nje kuzoa theluji. Theluji huwa inazolewa tu. Haina ubishi.

Kila mji niliouacha nilikuwa na la kuusema. Kouvola jirani wa juu alijifunza kupiga ngoma. Hyvinkää nilifeli hesabu shule ya jioni, sikutaka kupita tena mbele ya jengo lile. Jämsä tuligombana majira yote ya baridi, mwisho tukasema kosa ni la nyumba, ina unyevu. Lahti haikuwa na kosa. Jikoni jua linaingia, kazini kwangu kwenye mikate naenda kwa miguu, mtoto kapata rafiki. Shida ni kwamba nilikuwa nimemaliza shule. Miaka yote ile nilisoma baada ya zamu ya kuoka, kitabu kimeegemea birika, na majira ya kiangazi wakanivika kofia nyeupe ya waliohitimu. Ilmari alilia. Helka aliipaka kofia aiskrimu. Nilidhani kesho yake nitaamka mtu mwingine. Niliamka yule yule, na unga kwenye kucha. Basi nikajiambia, kumbe shida ni mahali. Mtu mpya anataka mahali papya.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa sisi tuna zamu ya sauna. Tulikuwa nayo, niseme. Katika jengo letu sauna, chumba cha kuoga mvuke wa mawe ya moto, iko chini kabisa, kila nyumba ina saa yake moja kwa wiki, na saa kumi na mbili jioni ya Ijumaa ndiyo saa ya wafalme: mawe yamepata moto sawasawa, wiki imekwisha, kesho hakuna kazi. Watu huingojea miaka. Sisi tuliipata kwa bahati tu, mwenyewe alihama siku ile ile tuliyokwenda kuchukua funguo. Nami, kabla hata Vilppu hajapata jibu, nilishamwambia msimamizi wa jengo kwamba mwaka ukiisha tunaiachia.

Taimi, mwenzangu wa kazini, aliposikia aliweka chini trei ya mikate.

"Umeachia Ijumaa? Kwa hiari yako?"

"Tunahama, Taimi."

"Henriikka, mwenzangu, watu huacha waume wakaondoka na begi moja. Lakini zamu ya Ijumaa wanaipigania mpaka kwa mawakili!"

Ilipofika saa kumi na mbili nikateremka na Helka, yeye kabeba ndoo, mimi mataulo. Ilmari alibaki juu akimenya viazi vya saladi. Nikafungua mlango wa chumba cha kuvulia nguo, na hapo, amejifunga taulo la maua, kaketi Bibi Kerttu wa ghorofa ya kwanza, na ndoo mpya inayong'aa magotini.

"Mmefuata nini?" akauliza.

"Samahani bibi, hii saa ni yetu."

"Ilikuwa yenu. Msimamizi kaniambia mwisho wa mwaka. Leo si mwisho wa mwaka? Au nimezeeka mpaka kalenda inanidanganya?"

"Ni mwaka ukishaisha, bibi. Ijumaa ijayo."

"Umeisha huu! Yamebaki makombo."

Sasa, kwetu mtu akishavua nguo hafukuzwi sauna. Angekuwa na koti mwilini tungebishana mpaka kesho. Tukaingia wote watatu.

Kerttu alipanda benchi la juu moja kwa moja, akakaa kona ile ile ninayokaa mimi, akaegemeza mgongo ukutani na kuguna kwa raha. "Miaka tisa," akasema. "Miaka tisa naoga Jumanne saa tisa alasiri, mawe yenyewe hayajajua kama yamewashwa. Saa ya paka ile. Nyie mmekuja jana mkapewa Ijumaa kama peremende. Marehemu mume wangu alikufa akiisubiri."

"Pole, bibi."

"Nishapoa. Nipe kata."

Akachota maji, akayamwaga juu ya mawe. Mvuke ukapanda darini, ukateremka mabegani kwetu. Helka, aliyekuwa benchi la chini kabisa, akafunika masikio kwa viganja. Masikio ndiyo huwaka kwanza.

"Na huyu mbona mmemweka chini kama viatu?"

"Huko juu kuna moto. Atapanda akikua."

"Mama amesema nitapanda kwenye nyumba mpya," Helka akasema kutoka chini.

"Ahaa. Kule mvuke unatoka kwenye friji?"

Nikacheka kwa adabu. Kerttu akaanza kupanga maisha yake ya Ijumaa. Hapa ataweka chupa yake ya maji ya matunda. Pale atamkalisha dada yake Impi, benchi la chini, maana Impi amezoea kuringa. Huku akipanga, mimi nikawa natazama vitu. Lile doa jeusi ukutani ambapo kichwa cha Ilmari hulala kila wiki. Ile nundu ya mti pembeni ya benchi la juu, ambayo Helka huiita Jicho na kuipungia mkono akiingia. Kata yetu, mpini wake umeungua kidogo, siku ile Ilmari alipousahau juu ya mawe tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Nilishangaa kwamba navijua vyote. Nilishangaa zaidi kwamba vinaniuma. Ijumaa zote hizo nilikaa kwenye kona ile nikiwaza bustani ya mahali pengine.

Kerttu akainama kumtazama mtoto. "Wee kijukuu, huko chekechea mnafundishwa nini?"

"Siku."

"Haya, zitaje."

Helka akazitaja zote, Jumatatu mpaka Jumapili, kila siku na kofi moja kwenye maji ya ndoo.

"Hodari! Sasa niambie, leo ni siku gani?"

Helka akaacha kupiga maji. Akanitazama, akatazama ndoo.

"Leo ni bado," akasema.

"Bado nini?"

"Leo ni bado," akarudia kwa subira, kana kwamba bibi ndiye mwanafunzi. "Halafu ndiyo inakuja kesho."

Kerttu akacheka hadi akakohoa. "Leo ni bado! Mungu wangu, mtoto huyu apelekwe bungeni!"

Mimi sikuweza kucheka. Mwalimu wake alikuwa ameniambia kabla ya Krismasi: mama Helka, mtoto siku zote anazijua, ila asubuhi nikimwuliza leo ni ipi, hajibu. Nikamwambia ana miaka minne, ataelewa. Na kweli ana miaka minne. Lakini sasa nilikumbuka mimi humjibuje. Akiamka akaniuliza, mama, leo ni nini, namwambia: bado siku mbili Ijumaa. Bado wiki moja Krismasi. Bado kidogo tuhamie. Kila asubuhi kasikia neno hilo hilo, akadhani ndilo jina la siku.

Nikachota maji kata nzima, nikayamwaga juu ya mawe ili uso wangu upate pa kujificha.

"Taratibu, binti, unatupika!" Kerttu akasema. Halafu akanitazama vizuri. "Unalia?"

"Jasho, bibi."

"Haya. Jasho."

Tulipokuwa tunajifuta nikamwuliza mwaka mpya anaupokea na nani. Akasema Impi amekwama kwa theluji na yeye ana redio. Nikamwambia apande kwetu, kuna soseji. Akapanda vile vile na nywele mbichi, na ndoo yake, hakutaka kuiacha chini.

Baada ya chakula tukazima taa, tukawasha mshumaa, Ilmari akaanza kuyeyusha bati, kama ilivyo desturi ya usiku huo. Kila mtu na kipande chake chenye umbo la kwato ya farasi: unakiyeyusha kwenye kijiko kirefu juu ya jiko, unakimwaga kwa mkupuo mmoja kwenye ndoo ya maji baridi, chssss, kisha unashika kile kilichoganda mbele ya mshumaa, na kivuli chake ukutani ndiyo mwaka wako. Mimi kila mwaka naona meli. Meli ni safari. Ilmari kila mwaka anaona mbwa.

"Mbwa," akasema.

"Tena?"

"Yule yule. Amenenepa."

Ikafika zamu yangu. Nikamwaga, nikazamisha mkono kwenye ndoo, nikakitoa kipande kikiwa bado na uvuguvugu. Nikakigeuza huku na huku mbele ya mwanga. Mlingoti ulikuwepo, kwa mtu anayetaka kuuona. Ilmari alinitazama, uso wake umeshajikaza kama wa mtu anayeinama kunyanyua boksi.

"Meli?" akauliza taratibu.

"Sijui. Nyie mnaonaje?"

"Kiazi," akasema Kerttu, soseji mdomoni.

"Kiazi maana yake nini, bibi?"

"Maana yake saladi yako haina chumvi. Nisogezee hapo."

Helka akakichukua kiazi changu cha bati, akaenda nacho chini ya meza kukilaza. Na hapo simu ikalia. Saa mbili kamili. Watu wa kule hawachelewi. Ilmari akasimama, akaegemea mlango, kijiko cha bati mkononi. Nikapokea.

"Vilppu hapa."

"Ndiyo, mzee. Heri ya mwaka mpya."

"Bado," akasema. "Bado saa nne."

Nikamsikia mtu nyuma yake akifungua kabati, akalifunga. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Novemba, shukrani na bustani na mtoto atakavyokua huko, yote yalikuwa pale kwenye ulimi, yamepangwa. Koridoni niliona boksi la mapazia. Chini ya meza nilimsikia Helka akikiambia kiazi kilale, bado kidogo, bado kidogo.

"Basi?" akasema Vilppu.

"Hapana, mzee," nikasema. "Tunakaa hapa."

Nikasikia lile kabati likifunguliwa tena.

"Vizuri," akasema mwishowe. "Nitamwambia mama watoto. Tangu asubuhi anazunguka nyumba nzima akishika milango, anaiaga."

Akakata. Nikaketi pale pale kwenye kiti cha kuvalia viatu. Mabega yangu yakawa mepesi, kama mtu aliyetua ndoo mbili baada ya kupanda ngazi, na mikono haijui iende wapi.

"Umesema tunakaa?" Ilmari akauliza.

"Nimesema."

Akaweka kijiko juu ya meza, pole pole sana. "Basi sasa naweza kukwambia. Kazini sijamwambia bosi kwamba naacha."

"Tunahama mwezi ujao, hujamwambia! Ulikuwa unasubiri nini?"

"Nilikuwa naona kwanza niimalize selotepu."

Nilimpiga na taulo. Alicheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu kofia ya aiskrimu, na akanivuta, nikasikia moyo wake unavyokimbia. Kumbe alikuwa ameogopa kuliko mimi, na bado alikuwa tayari kubeba maboksi.

"Ngoja kwanza!" Kerttu akapaza sauti kutoka mezani. "Mnakaa? Na zamu yangu je?"

Tukageuka wote. Alikuwa ameikumbatia ndoo yake mpya kwa mikono miwili. Nilimwona Ilmari akifumba macho. Maskini, mume wangu anapenda vitu vichache hapa duniani, na Ijumaa saa kumi na mbili ni kimojawapo.

"Zamu ni yako, bibi," nikasema. "Neno nilishatoa."

"Naam! Neno ni neno." Akapumua. Akala kipande cha soseji, akakitafuna muda mrefu, dhamiri ikimsuta. "Ila Jumanne yangu sasa haina mtu. Saa tisa. Nitamwambia msimamizi awape nyie."

"Saa ya paka?" Ilmari akasema.

"Paka nao ni viumbe."

Fataki zilipoanza kulia mjini, Helka alikuwa amelala na kiazi mkononi, na Bibi Kerttu ameshateremka kwake akiimba. Ilmari alipiga magoti koridoni. Safari hii selotepu aliibandua kwa nguvu, mara moja, kraaaa, hakujali nani ataamka. Tulitundika mapazia ya mama yake kwenye dirisha la jikoni. Yalikuwa mafupi. Yaliishia juu juu, kama suruali ya kijana anayerefuka. Nikasema nitayaongezea kitambaa, halafu nikayatazama tena, nikasema yaache hivyo hivyo.

Jumanne iliyofuata Helka aliamka akaniuliza swali lake la kila siku. Nilifungua kinywa, na lile neno lilikuwa tayari limeshafika mlangoni. Nikalimeza.

"Leo ni Jumanne," nikamwambia.

"Jumanne ni lini?"

"Ndiyo hii. Uji huu ni wa Jumanne. Soksi zako hizo ni za Jumanne."

Akazitazama soksi zake kwa makini.

Nilitoka kazini, nikamchukua chekechea mapema, na saa tisa tukateremka na ndoo yetu. Nilipofungua mlango wa sauna nilisimama. Juu kabisa ukutani, chini ya dari, kuna kidirisha. Ijumaa zote zile sikuwahi kukiona, maana saa ile jua huwa limeshahama upande huo, na majira ya baridi nje ni giza tupu. Sasa jua la kuaga lilikuwa linapita pale, mstari mmoja wa dhahabu umelala juu ya mabenchi, na vumbi linacheza ndani yake.

Nikamwagia mawe kata moja. Kerttu hakudanganya, yalikuwa ndiyo kwanza yanaamka. Yalisema shhh, mvuke ukatoka laini, kama pumzi ya mtoto shingoni.

"Mama, huku chini ni baridi," akasema Helka.

"Panda basi."

"Nipande wapi?"

"Juu."

Akanitazama kama vile nimetania. Halafu akapanda. Benchi la kwanza, la pili, la tatu, kwa magoti na viganja, mimi mikono yangu iko nyuma yake bila kumgusa. Akalisalimia Jicho kwa karibu, akaliwekea kidole. Akakaa kwenye kona, mgongo ukutani, miguu inaning'inia, mstari wa jua umempita magotini. Nikampa kata naye amwagie. Akamwaga, nusu kwenye mawe, nusu kwenye miguu yangu. Akasubiri masikio yawake. Hayakuwaka.

Akavuta pumzi, akasema kwa sauti kubwa, ambayo bila shaka hata Bibi Kerttu huko juu aliisikia:

"Leo ni Jumanne."